Mji Ulio Kwenye Karatasi

Kila Jumanne sanduku hufika kutoka uwanja wa ndege,
baridi kama benchi la kliniki alfajiri,
nami hulifungua kwa kisu kifupi, dukani Kilimani
(Kilimani isiyo na kilima, ila ngazi za maghorofa).
Ndani, magurudumu manane ya jibini,
na kila gurudumu limevikwa karatasi
iliyochorwa mji.

Mji wenyewe u juu kabisa, umejifunga ukuta
kama mama aliyekaza kanga kiunoni.
Minara mitatu. Lango moja.
Mapaa ya vigae rangi ya pilipili iliyokauka.
Njia inajipinda, haina haraka,
na punda mmoja anapanda, mgongoni ana mzigo.
Miaka sita namtazama,
sijajua amebeba nini.

Wateja huniuliza: Lusweti, umewahi kufika?
Nawajibu: kila siku.
Wanacheka. Nakata, napima, nafunga.
Gramu mia mbili, bei yake
ni mkate na maziwa ya wiki nzima kwangu Kangemi.

Jioni mwanangu Naswa hunusa vidole vyangu.
"Baba, leo umeshika soksi za nani?"
Namwambia hii ni harufu ya miaka mia saba.
"Basi ingekuwa imeshaoga."

Agosti aliingia mama mmoja wa makamo,
kofia ikining'inia mgongoni,
vumbi jekundu la mbugani bado limekalia viatu.
Akasimama mbele ya kabati la kioo, kimya,
kama mtu aliyekuta picha ya marehemu wake
ukutani kwa nyumba ya wageni.
Akaweka kidole kwenye mnara wa pili, dirisha la chini:
"Nilizaliwa hapa."

Kiswahili chake cha kijitabu, Kiingereza changu cha kaunta,
tukakutana katikati.
Swali langu la kwanza: punda amebeba nini?
Akacheka mpaka akashika kabati.
Punda! Punda wa mwisho alikufa babu yake akiwa kijana.
Picha imechorwa na kampuni, mbali huko bondeni.

Na dirisha?
Hoteli. Chumba alichougulia surua
sasa kinalipiwa kwa usiku,
na wageni hupiga picha beseni alilooshewa.
Na wenyeji?
Akahesabu kwa vidole, jina baada ya jina.
Akamaliza, na vidole vikabaki.
Na maziwa?
Hupandishwa kwa lori gizani,
kabla watalii hawajaamka, wasije wakaona.

Nikaona haya, sijui kwa nini,
kama niliyefumaniwa nikisoma barua ya mtu.
Nikamkatia kipande, cha bure, meneja asione.
Akala amesimama, macho kayafumba.
Ni yenyewe?
"Chumvi imezidi," akasema,
akaomba kingine.

Kisha akaniuliza, akijipangusa mdomo:
na kwenu, nani amebaki?
Ningeweza kumjibu lolote.
Nikamwambia nyumba ya mama iko Kimilili,
na ufunguo wake uko Kangemi,
umetundikwa msumarini juu ya jiko,
umeanza kufanya kutu kwa mvuke wa ugali.
Hakusema pole. Alitikisa kichwa tu,
kama afanyavyo mtu akisikia habari za jirani.

Usiku nilirudi na karatasi moja mfukoni, imekunjwa nne.
Naswa akaitandaza mezani, akailainisha kwa kijiko,
akainama mpaka pua ikagusa kilima.
"Godoro," akasema.
Godoro gani?
"Huyu punda amebeba godoro. Si unaona? Anahama."

Nikavuta taa karibu.
Miaka sita nilidhani anapanda.
Kichwa kimeelekea bondeni.